Likizo Bila Mshahara: Kisa cha Mwalimu wa Kiingereza Kati ya Roi Et na Voi

Mwalimu ninayemweleza hapa ni Mkenya, mzaliwa wa Voi, anayefundisha Kiingereza katika shule ya sekondari ya serikali mkoani Roi Et, kaskazini mashariki mwa Thailand. Mimi pia nafundisha nchi hiyohiyo, mkoa mwingine, na ndivyo tulivyofahamiana. Ameniruhusu nikiandike kisa chake, akanikabidhi mikataba, risiti na barua alizoandikiana na wakala wake, kwa sharti kwamba jina lake, la shule na la wakala yasitajwe. Kisa chenyewe ni cha Aprili na Mei 2025, alipokwenda nyumbani kumwona bintiye na mama yake mzazi, akarudi kazini na deni.

Wengi waliosikia habari hii, huku ugenini na kule nyumbani, wameifanya habari ya mwanamke asiyejua kupanga pesa. Nimeipitia karatasi kwa karatasi na hukumu hiyo siikubali. Kila kilichomharibikia katika safari ile kinatoka kwenye mstari mmoja wa mkataba wake, ule unaotaja tarehe ya mwisho wa kazi.

Alisomea ualimu wa Kiingereza na Fasihi katika chuo kikuu cha umma. Akafundisha kwa miaka kadhaa kama mwalimu wa BOM, yaani wa kulipwa na bodi ya shule kwa karo ikipatikana, huku jina lake likikaa kwenye foleni ya Tume ya Kuajiri Walimu, TSC. Mwaka 2022 Thailand ilipofungua mipaka baada ya korona, mwenzake wa chuo aliyekuwa huko alimtumia tangazo la wakala mmoja wa Bangkok. Akaenda. Mwaka uliofuata wenzake waliobaki walianza kuchukuliwa kufundisha sekondari msingi kama wanagenzi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Nalitaja hilo kwa sababu nyumbani bado wapo wanaomwambia angevumilia tu.

Thailand haimhesabu Mkenya kuwa mzungumzaji asilia wa Kiingereza. Orodha wanayoitumia waajiri wengi ni fupi: Uingereza, Ireland, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, na Afrika Kusini kwa baadhi yao. Kwa hiyo mtu ambaye Katiba ya nchi yake ya 2010 inakitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi, mwenye shahada ya kukifundisha, alikalishwa mtihani wa TOEIC athibitishe kwamba anakijua. Alama za mtihani huo huishia 990. Walimu wa kundi lake kwa kawaida hutakiwa wafikishe 600. Alizipita kwa mbali. Mshahara haukubadilika. Yeye analipwa bati 22,000 kwa mwezi, na kijana Mwingereza wa chumba cha pili, ambaye hakusomea ualimu, analipwa 35,000. Wanapendana na kusaidiana, na huyo kijana humletea maandalio yake ya masomo amsahihishie. Lakini tofauti hiyo ya bati 13,000 ipo, kila mwezi, na haitokani na kazi wanayoifanya.

Siku yake inaanza mapema. Saa moja na dakika chache asubuhi yuko langoni akipokea wanafunzi, wao wakiinama na kukutanisha viganja kifuani, yeye akiwajibu vilevile. Saa mbili kamili wimbo wa taifa unapigwa na bendera inapanda; kila mtu husimama, hata wapita njia barabarani. Baada ya hapo ni sala, matangazo, na mara nyingi hotuba ya naibu wa mkuu wa shule juu ya nywele na sare, jua likiwa tayari kali. Vipindi ni vya dakika hamsini. Darasa lina watoto arobaini na zaidi, wa umri wa miaka kumi na miwili hadi kumi na mitano, ambao nyumbani huzungumza Kiisan, lugha ya eneo hilo, shuleni Kithai, na Kiingereza kwake yeye peke yake. Amepewa kufundisha kuzungumza. Sarufi inashikwa na mwalimu wa Kithai. Anakutana na darasa lilelile mara moja au mbili kwa wiki, kwa hiyo hufundisha somo moja mara nyingi mfululizo, na huniambia kwamba la kwanza huwa bovu na la tano huwa zuri, na kwamba darasa la Jumatatu asubuhi linadhulumiwa. Sasa anabadilisha mpangilio kila mwezi, kila darasa lipate zamu ya kufundishwa mwanzo na mwisho. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo.

Matangazo ya kazi yanakuja kwenye kundi la LINE, programu ya ujumbe kama WhatsApp, kwa Kithai, wakati mwingine saa nne usiku: kesho hakuna vipindi, kuna kambi ya Kiingereza Jumamosi, vaeni njano. Anayatafsiri kwa simu na kumpigia mwalimu mwenzake kuhakikisha. Mwisho wa muhula hutoa alama kuanzia 0 hadi 4, na mwenye sifuri lazima apewe nafasi ya kurekebisha, kwa hiyo Machi yote hufuatwa na watoto walioshika daftari. Mwezi Juni kuna sherehe ya kuwaheshimu walimu, kwa kawaida siku ya Alhamisi, ambapo wanafunzi hupiga magoti na kuwakabidhi walimu vyombo vya maua na nyasi walivyovisuka wenyewe. Mwaka wake wa kwanza alilia mbele yao. Kwao aliwahi kufundisha miezi minne bila kulipwa na hakuna aliyemwambia asante.

Kila siku 90 sharti aripoti uhamiaji anapoishi. Viza yake inarefushwa kwa kufuata mkataba, kibali cha kazi kinafuata mkataba, na ruhusa ya kufundisha anayopewa na Baraza la Walimu, Khurusapha, ni ya muda tu, ya miaka miwili. Mkataba ukifika mwisho, ruhusa ya kukaa nchini nayo inafika mwisho.

Yaliyomkuta Aprili hayaeleweki bila kuziweka kalenda mbili pamoja. Muhula wa kwanza wa Thailand unaanza 16 Mei na kwisha 11 Oktoba. Wa pili unaanza 1 Novemba na kwisha Machi inapoisha. Likizo ndefu ni Aprili na nusu ya Mei. Kenya inafunga shule Aprili kwa wiki tatu, Agosti kwa wiki tatu, kisha kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi mwanzo wa Januari. Desemba, ambapo ukoo mzima wa Voi unakusanyika, mjomba wa Mombasa anafika na mbuzi anachinjwa, yeye yuko darasani. Krismasi ni siku ya kazi. Agosti yuko katikati ya muhula. Oktoba ana wiki tatu, lakini binti yuko muhula wa tatu, wenye mitihani. Zinabaki wiki tatu za Aprili. Katika mwaka mzima, hizo ndizo pekee ambapo mama na mtoto wote wako huru.

Hata simu ina ugumu wake. Thailand iko mbele kwa saa nne. Mwalimu anapotoka shuleni saa kumi na nusu, Voi ni saa sita na nusu mchana na binti yuko darasani. Binti anapomaliza kazi za shule saa mbili usiku, Roi Et ni saa sita usiku. Wanazungumza Jumamosi, kwenye simu ya bibi, bibi akiwa ameketi hapohapo. Msichana wa miaka kumi na minne ana mambo mengi ambayo hayasemeki mbele ya bibi.

Sasa mkataba. Unaanza 16 Mei na kwisha 31 Machi: miezi kumi na nusu. Wakala analipwa na shule, naye anamlipa mwalimu kwa miezi ya mkataba tu. Mikataba ya namna hii imeenea sana kwa mawakala wa Thailand, na matokeo yake ni kwamba likizo ndefu, ile pekee inayotosha kwa safari ya nyumbani, haina mshahara.

Nimefanya hesabu pamoja naye. Katika bati 22,000, 750 zilikuwa zikienda kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii mwaka 2025. Nyumbani hutuma 8,000, sawa na shilingi 30,000 hivi kwa viwango vya wakati ule, kwa ajili ya chakula, shule na dawa za presha za mama. Chumba, umeme na maji ni 4,000. Chakula, petroli ya pikipiki na simu ni 5,000. Kinachobaki ni 4,250, na hapo hajanunua kiatu. Kufikia mwisho wa Machi 2025 alikuwa na akiba ya bati 43,000. Tiketi ya kwenda na kurudi ilikuwa 29,000. Alishuka Nairobi akiwa na kama shilingi 53,000 za kuishi wiki sita, na mshahara uliofuata, tena nusu, ungeingia mwisho wa Mei. Ile shilingi 30,000 ya kila mwezi nayo ilikatika, maana aliyekuwa akiituma sasa alikuwa ameketi sebuleni.

Naomba msomaji aitazame hesabu hiyo tena kabla ya kuendelea. Hakuna sherehe ndani yake wala simu mpya. Mwalimu aliyeajiriwa mwaka mzima kwa mshahara uleule angekuwa na bati 33,000 zaidi, karibu shilingi 125,000, kwa mwezi mmoja na nusu anaokosa.

Tena lipo la karatasi. Mwalimu ambaye mkataba wake unaendelea huenda uhamiaji, akalipa bati 1,000 apate kibali cha kuingia tena mara moja, akasafiri, akarudi na viza yake ileile. Ni shughuli ya asubuhi moja. Yeye hakuweza, kwa kuwa ruhusa yake ya kukaa ilikwisha 31 Machi pamoja na mkataba. Ilimbidi atoke siku hiyo, kisha aombe viza mpya kabisa akiwa Kenya, kwa barua za mwajiri na idhini mpya ya Idara ya Kazi ya Thailand. Wakala alimwahidi barua hizo zitakuwa tayari Jumatatu ya 31 Machi, azichukue Bangkok akielekea uwanja wa ndege.

Ijumaa ya 28 Machi tetemeko la ardhi lililoanzia Myanmar, la kipimo cha 7.7, liliitikisa Bangkok, na jengo refu lililokuwa likijengwa likaporomoka. Roi Et hakukuwa na madhara, lakini Voi ilisikia redioni «Thailand» tu. Mama yake alipiga simu usiku kucha. Jumatatu mwalimu alifika Bangkok kwa basi la usiku akakuta ofisi ya wakala imefungwa, jengo likikaguliwa nyufa. Akaambiwa kwa simu barua atatumiwa kwa barua pepe wiki hiyohiyo. Hakuwa na njia ya kusubiri. Kubaki hata wiki moja zaidi kulihitaji bati 1,900 za kuongezewa siku, na tiketi ilikuwa ya usiku ule. Akapanda ndege.

Alifika Nairobi asubuhi ya 1 Aprili, na kesho yake akachukua treni ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani, akashuka Voi mchana. Shule ilifungwa Ijumaa ya 4. Likizo ya binti ilikuwa 7 hadi 25 Aprili.

Hapa ndipo kisa kinaponiuma. Jumatatu ya 7 Aprili ilikuwa sikukuu Thailand, fidia ya siku ya ufalme wa Chakri. Kuanzia tarehe 12 hadi 16 ofisi zote za serikali zilifungwa kwa Songkran, mwaka mpya wa Kithai. Zilipofunguliwa, Kenya ikafunga kwa Pasaka, kuanzia Ijumaa Kuu ya 18 hadi Jumatatu ya 21. Wakala alituma faili la maombi Idara ya Kazi katikati ya hizo sikukuu. Idhini ikatoka 24 Aprili. Muda huo wote mwalimu alikuwa akikimbiza vyake vya Kenya. Cheti cha tabia njema alikilipia shilingi 1,050 mtandaoni, akapiga alama za vidole, kikatoka na herufi moja ya jina isiyolingana na pasipoti, akalazimika kwenda Nairobi, Barabara ya Kiambu, kwenye makao makuu ya upelelezi, kikarekebishwe. Alilala kwa binamu Kayole usiku mbili. Alirudi Voi, akakaa, akarudi tena Nairobi kwa shughuli za nakala na mihuri. Tangu Januari 2025 maombi ya viza ya Thailand hufanyika mtandaoni popote ulipo, na kwa hilo namshukuru Mungu kwa niaba yake, lakini mtandao wa nyumbani haukutosha kupandisha mafaili, hivyo siku nyingine zikaishia saiba ya mjini akipunguza ukubwa wa picha.

Nilimuuliza binti, kwa ruhusa ya mama yake, alifanya nini likizo ile. Aliniambia, «Mama alikuwepo lakini alikuwa anatafuta karatasi.»

Walipata siku nzuri mbili tatu. Walipanda Wundanyi kumwona nyanya mkubwa, wakashuka jioni na ndizi. Walisuka nywele. Lakini mwaka ule binti alikuwa Gredi ya 9, kundi la kwanza kabisa la mtaala mpya kufika hapo, na katikati ya 2025 alitakiwa achague mkondo wa kuingia nao Gredi ya 10: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mama ni mwalimu. Mtu mwenye ujuzi zaidi wa kumwongoza alikuwa hapo nyumbani, na mazungumzo hayo hayakufanyika. Yalifanyika Juni, kwa simu, Jumamosi, bibi akiwa ameketi hapohapo.

Upande wa ukoo sitaki kuwachora kama watu wabaya, maana si wabaya. Mjomba alikuwa amelazwa na bili ilikuwa ikipanda. Kamati ya familia ikakaa siku ya pili tu baada ya mwalimu kufika, na ikamwandikia mchango wa shilingi 30,000, kiwango cha juu kuliko wote, sawa na cha mfanyabiashara wa Mombasa. Hakuna aliyemuuliza. Kwa mantiki yao ilikuwa haki: kila mwezi huingia pesa kutoka kwake bila kukosa, na mtu anayepanda ndege hana budi kuwa nazo. Alipotoa 10,000, mwenyekiti wa kamati, ambaye ni baba yake mdogo, alimwambia mbele ya watu, «Mwanangu, tulikuombea ufike mbali ili nasi utuvute.» Hakumjibu, kwa heshima. Mama yake naye aliaibika, akamwuliza usiku kama kuna jambo analoficha.

Naona kosa la kweli la upande huu liko kwenye jinsi pesa zilivyokuwa zikizungumzwa miaka mitatu iliyopita. Nyumbani walijua kiasi kinachotumwa. Hawakujua mshahara wenyewe, na hawakujua kabisa kwamba Aprili hana kitu. Watu wengi wa ughaibuni huogopa kutaja mshahara kwa kudhani watadaiwa zaidi. Kwa mwalimu huyu ukimya ulifanya kinyume. Wasiojua walijaza wenyewe, na walijaza kwa wingi.

Idhini ilipopatikana 24 Aprili aliwasilisha maombi kesho yake, siku ya mwisho ya likizo ya binti. Yakarudishwa: barua ya wakala ilitaja tarehe ya kuanza kazi isiyolingana na iliyo kwenye mkataba. Ikabidi barua iandikwe upya na kusainiwa na mkuu wa shule, na tena zikaingia sikukuu, 1 Mei nchi zote mbili, 5 Mei na 12 Mei Thailand. Viza ilitoka 13 Mei. Tiketi ya awali, ya tarehe 11, ilikuwa imebadilishwa kwa ada. Kabla ya kuondoka alijaza fomu mpya ya kuwasili ya kidijitali, iliyoanza kutumika 1 Mei mwaka huohuo, akahakikisha kitabu chake cha chanjo ya homa ya manjano kiko kwenye mkoba, kwani mtokaji wa Kenya huulizwa. Alitua 17 Mei. Shule ilikuwa imefunguliwa jana yake, na siku aliyoikosa ikakatwa kwenye ile nusu ya mshahara. Alikuwa amekopa shilingi 40,000 kwenye chama cha mama yake, kwa ada ya tiketi, nauli za Nairobi na chakula cha nyumba ambayo kwa kawaida yeye ndiye huitumia pesa.

Zile hukumu nilizozitaja mwanzoni huanza hapa kwenye deni na kurudi nyuma kutafuta uzembe. Mimi naanza kwenye mkataba na kwenda mbele. Ungekuwa wa miezi kumi na miwili, mshahara wa Aprili ungeingia. Mama mtu angeendelea kupata zile 30,000 zake. Kibali cha bati 1,000 kingetosha. Hakungekuwa na Barabara ya Kiambu wala saiba wala barua ya kurudishwa. Na wiki tatu za Aprili zingekuwa za binti. Wakala anaokoa mwezi mmoja na nusu wa mshahara, naye mwalimu anaulipia kwa gharama kubwa kuliko mwezi na nusu. Hilo ndilo linalonikasirisha, kwa sababu ni mpangilio uliobuniwa ofisini, na wanaotia saini wengi ni Waafrika na Wafilipino ambao hawana cha kushikia katika mazungumzo.

Njia alizozifikiria baada ya hapo zilikuwa kadhaa. Kwenda Oktoba badala ya Aprili kungemwezesha kutumia kibali cha kuingia tena na kuendelea kulipwa, lakini angemkuta binti kwenye mitihani ya mwisho wa Gredi ya 9, iliyofanywa kuanzia mwishoni mwa mwezi huo. Kurudi Kenya moja kwa moja alikuzungumzia na mama yake kwa uzito. Mama ndiye aliyekataa, akisema nani atalipa Gredi ya 10. Kutokwenda mwaka mzima kulibaki mezani kwa muda mrefu.

Alichofanya kwanza ni kuwaandikia wa nyumbani. Aliweka kwenye kundi la WhatsApp la familia hesabu yake yote kama nilivyoiweka hapa: mshahara, makato, kodi, anachotuma, na kwamba Aprili halipwi. Alinionyesha kabla ya kutuma, mikono ikitetemeka. Nilimshauri aitume bila maneno ya kujitetea, tarakimu zijisemee. Kwa siku mbili hakuna aliyejibu. Kisha baba mdogo aliandika kwamba kamati ilikosea kumpangia bila kumuuliza, na kwamba mchango wake ujao ataje mwenyewe. Binamu wawili waliondoka kwenye kundi. Mmoja amerudi.

Kisha akatafuta kazi, mkoani hukohuko. Novemba 2025 shule nyingine ya serikali, inayoajiri moja kwa moja bila wakala, ilimpa mkataba wa miezi kumi na miwili kuanzia 1 Aprili 2026, kwa bati 20,500 kwa mwezi. Walimu wengi wa kigeni wa pale walimwambia anajishusha. Mimi nilimwomba azidishe. Bati 22,000 kwa miezi kumi na nusu ni 231,000. Bati 20,500 kwa miezi kumi na miwili ni 246,000. Mshahara unaoonekana mdogo unamwachia 15,000 zaidi kwa mwaka, na hapo hatujahesabu viza mpya, ada za tiketi na siku iliyokatwa. Alisaini.

Gharama ya uamuzi huo nayo ipo. Kubadili mwajiri kunamtaka awepo Thailand mwishoni mwa Machi na Aprili 2026, afunge kibali cha zamani na kufungua kipya, kwa hiyo Aprili hiyo haendi Voi. Alimwambia binti Desemba, kwenye simu, na safari hii aliomba bibi atoke nje kwanza. Walizungumza kwa saa nzima. Binti hakulia, aliuliza kwa nini lazima mama ndiye asafiri kila mara.

Swali hilo limekuwa mpango. Aprili 2026 binti, sasa Gredi ya 10, ataombewa viza ya utalii akae Roi Et wiki mbili, katika joto la Songkran, akaone darasa na chumba. Maombi ya pasipoti yameshaingia, pamoja na ridhaa ya mzazi inayotakiwa kwa mtoto wa chini ya miaka 18. Tiketi ya mtoto inalipwa kwa awamu kutoka kwenye akiba ambayo vinginevyo ingekuwa ya mama kwenda. Lililobaki ni la kusafiri peke yake: bibi anasema mtoto hapandi ndege bila mtu mzima, mwalimu anasema ndege ni ya moja kwa moja na atampokea mlangoni, na baba mdogo amejitolea kumpeleka hadi Nairobi kwa treni na kusubiri uwanjani mpaka ndege iruke.